Safu ya Maelezo

Flashi ilifika imeviringishwa karatasi ya kufutia mikono,
ndani yake visima mia na kumi na saba
vya marehemu Lali Shekuwe, mpima wa idara ya maji,
aliyeizunguka Lamu kwa miguu, kidude cha setilaiti kiganjani,
akisimama kila penye kamba na ndoo.

Kazi yangu ni ndogo: kuvitoa katika faili zake,
nne kwa kila mtaa, moja ikipotea zilizobaki bubu,
nivipange kwenye hifadhidata ya kaunti
kabla ya Ijumaa.

Siku ya kwanza alama ya kutoa ilidondoka njiani,
kistari tu, chembamba kama unywele,
na Langoni yote, na Mkomani, na uwanja wa Mkunguni
vikavuka ikweta vikatua jangwani, jirani na El Wak.
Nilicheka peke yangu.
Halafu nikawawaza watu wa kule,
waamke alfajiri wakute visima mia na kumi na saba.
Nilikirudisha kistari polepole, kama mtu anayedai deni.

Siku ya pili nilitanguliza longitudo.
Mji ukaangukia Uhispania.
Hilo sikumwambia mtu.

Vichwa vya safu havivuki herufi kumi,
ndivyo faili hizi zilivyozaliwa.
Jina la mmiliki limebaki
jina_la_mm
na tarehe ya kupimwa
tarehe_ya_
basi, imekwama hapo, kama aliyeitwa nje akiwa katikati ya neno.
Kina kimepona. Kina ni neno fupi.

Kisima cha Ng'ambo kiligoma kabisa.
Ile ritifaa juu ya ng', mashine ilidhani nimemaliza kusema,
ikanifungia mlango.
Mara ngapi nimekatizwa hivyo mezani pa wakubwa!
Nikaiandika ritifaa mara mbili.
Ndipo ikaelewa kwamba bado naongea.

Kisha namba sitini na nne, Mtamuini.
Safu ya maelezo hubeba herufi mia mbili hamsini na nne,
haiongezi hata moja, na Lali alikuwa mtu wa maneno.
Mwisho wake unasomeka hivi:
*kisima kimo ndani ya ukuta unaogawa nyumba mbili, huku wateka na kule wateka, nimeuliza ni cha nani, nikajibiwa na sauti ya upande wa pili kwamba*

Kwamba.

Alhamisi saa nane nilizima kompyuta nikaenda.
Hodi.
Bi Mwanatumu Famau alinipitisha hadi kiwandani,
akanionyesha tao dogo ukutani,
jiwe la matumbawe limechimbwa mifereji na kamba,
na mkebe wa rangi uliogeuzwa ndoo.
Niliinama. Ng'ambo ya shimo, katika tao la pili,
msichana mwenye povu la sabuni viwikoni
akaniamkia shikamoo,
na salamu ikashuka majini kwanza, ndipo ikanifikia.

"Lali aliuliza ni cha nani," nikasema. "Alijibiwa nini?"

Bi Mwanatumu alijifuta macho kwa upindo wa leso.
"Alojibu ni dadangu, Mngu amrehemu.
Alimwambia kwamba kahawa yapoa, naye anywe kwanda."

"Na kisima?"

"Hakuuliza tena."

Jedwali lilitaka mmiliki mmoja.
Nilijaribu kumchagua, vidole vikakataa.
Basi nikajenga jedwali jingine la katikati, jembamba, la safu mbili:
sitini na nne, nyumba hii;
sitini na nne, nyumba ile.
Safu ya maelezo nikaivua ukomo
nikamalizia sentensi ya marehemu, neno kwa neno,
mpaka kwenye nukta.

Ijumaa mkuu alishusha miwani, akaniuliza
mbona kuna kahawa kwenye data ya maji.
Nikamwambia ni ya mpima.